Kompyuta ya Tawi na Betri Yake: Jinsi ya Kuifanya Idumu Mpaka Mwisho wa Kikao

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani, leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya chombo ambacho siku hizi kimeingia katika ofisi nyingi za matawi yetu, nacho ni kompyuta ndogo ya kubeba, ile inayoitwa laptopu. Tunajua wako watakaouliza: Je, jambo hili lamhusu nini mchuma chai, au mkata miwa, au mwendesha mashine ya kusokota nyuzi? Tutajibu swali hilo kwa kueleza yaliyotupata sisi wenyewe, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tumekwisha kuumwa.

YALIYOTUPATA MEZANI

Katika tawi letu moja la mashamba ya chai, huku magharibi ya Uganda, kulikuwa na manung'uniko ya siku nyingi juu ya mizani. Wachumaji walisema kwamba kilo zinazoandikwa kwenye vikaratasi vyao wakati wa kupima jioni si kilo zinazolipwa mwisho wa mwezi. Mwajiri alijibu kwamba kuna makato ya uzito wa gunia na ya maji yaliyomo katika majani, hasa siku za mvua. Wachumaji hawakukataa makato. Walichotaka ni kujua makato hayo ni kiasi gani, na kwa nini hubadilika mwezi hata mwezi.

Basi akina mama wa kambi wakaanza kutunza vikaratasi vyao. Kwa miezi mitatu waliviweka katika makopo na chini ya magodoro, wala hapana hata mmoja aliyewashia moto. Kila Jumamosi jioni katibu wa tawi alikwenda kambi kwa kambi akavikusanya, akaviingiza katika kompyuta ya tawi, jina kwa jina na siku kwa siku, akaweka na karatasi za mshahara kando yake. Ilikuwa kazi kubwa, na hesabu iliyotoka ilionyesha tofauti waziwazi.

Siku ya kikao ilipofika tulikwenda tukiwa na matumaini. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Kompyuta ilionyesha asilimia 31 ya chaji, nasi tukaona inatosha kwa kuwa zamu yetu ya kusema ilikuwa karibu. Lakini mazungumzo ya mwanzo yalirefuka, na muda wote huo kompyuta ilikuwa imefunguliwa mezani, kioo kimewaka kwa nguvu zote. Katibu wetu alipoanza kusoma jedwali la kwanza, kioo kikazima ghafla. Tulibonyeza, tukabonyeza tena, wapi! Karatasi hatukuwa nazo, maana mashine ya kuchapia ilikuwa mjini, mbali na shamba. Mwakilishi wa mwajiri akasema kwa upole kwamba kwa kuwa upande wa wafanyakazi hauna takwimu za kuonyesha, ni afadhali kikao kiahirishwe. Kikaahirishwa kwa wiki tatu. Wale akina mama waliokuwa wakingojea nje chini ya miti wakarudi kambini bila jibu.

Ndugu, hatukushindwa kwa hoja wala kwa uoga. Tulishindwa kwa kukosa robo saa ya umeme. Ndiyo sababu tuliamua kujifunza jambo hili mpaka tulielewe, na hapa tunawagawia yale tuliyojifunza.

BETRI NI PIPA LA MAJI

Betri za kompyuta hizi ni za aina ya lithiamu. Ziliingia sokoni kwa mara ya kwanza mwaka 1991, zikitengenezwa na kampuni ya Sony ya Japani, na mwaka 2019 mabingwa watatu waliozivumbua na kuziendeleza, yaani John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Ili kuelewa betri, fikirini pipa la maji la kambi. Pipa lina ujazo wake, na lina bomba chini yake. Ukifungua bomba sana, pipa litakauka upesi. Ukifungua kidogo, maji yatafika jioni. Ujazo wa betri hupimwa kwa wati-saa. Geuza kompyuta uangalie chini, au angalia juu ya betri yenyewe, utaona tarakimu imefuatwa na herufi Wh. Betri nyingi za laptopu ni kati ya 40 na 60. Nalo bomba, yaani umeme unaotumika kila wakati, hupimwa kwa wati.

Sasa tufanye hesabu. Chukua betri mpya ya wati-saa 48. Ikiwa kompyuta inatumia wati 16, gawanya 48 kwa 16, utapata saa 3. Ukiipunguza matumizi mpaka wati 8, utapata saa 6. Betri ni ile ile, kazi ya kuandika na kusoma majedwali ni ile ile, bali muda umekuwa maradufu. Hakuna shilingi iliyotumika. Kilichobadilika ni bomba tu.

Lakini pipa lenyewe nalo huzeeka. Betri ya lithiamu, baada ya kujazwa na kuisha mara mia kadhaa, haishiki tena umeme kama zamani. Baada ya mizunguko 300 hadi 500, betri nyingi za kawaida hubaki na asilimia 80 hivi ya uwezo wake, na huendelea kushuka. Kompyuta ya tawi letu ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika. Tulipoipima tuliona kwamba betri iliyotengenezwa kushika 48 ilikuwa inashika 24 tu. Maana yake, ile asilimia 31 tuliyoitegemea siku ya kikao haikuwa theluthi ya pipa zima, ilikuwa theluthi ya nusu ya pipa! Kwa matumizi ya wati 16, hiyo haifiki hata nusu saa. Nambari haikutudanganya, sisi ndio hatukujua kuisoma.

JINSI YA KUPIMA BETRI YA TAWI LENU

Katika kompyuta zinazotumia Windows, fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, uandike powercfg /batteryreport kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza. Kompyuta itaandika ripoti na kukueleza imeiweka wapi. Ndani yake tafuta tarakimu mbili zinazofuatana karibu na mwanzo: ya kwanza ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, ya pili ni uwezo wake wa sasa ikijaa. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Kwa mfano, 36,000 kwa 48,000 ni asilimia 75. Andikeni tarakimu hiyo katika daftari la tawi pamoja na tarehe, na mpime tena kila baada ya miezi mitatu. Mtakuwa mnajua mali yenu ilivyo, kama vile mweka hazina anavyojua kilichomo sandukuni.

MAMBO YA KUREKEBISHA KATIKA KOMPYUTA

Kwanza, punguza mwangaza wa kioo. Katika kazi ya kawaida ya kuandika, mara nyingi kioo ndicho kinachokula umeme kuliko sehemu nyingine yoyote. Juu ya vitufe kuna viwili vyenye picha ya jua, kimoja cha kuongeza na kimoja cha kupunguza; katika kompyuta nyingine hubonyezwa pamoja na kitufe cha Fn. Ndani ya nyumba, nusu ya mwangaza au chini yake yatosha kabisa. Kama vitufe vya kuandikia navyo vina taa, izime mchana.

Pili, washa hali ya kubana matumizi. Bonyeza picha ya betri iliyo pembeni chini, upande wa kulia wa kioo. Kompyuta nyingi zimepangwa kuingia katika hali hiyo zenyewe chaji inapofika asilimia 20, na baadhi ya zile mpya 30. Msingoje. Siku ya kikao iwasheni tangu mwanzo, chaji ikiwa bado 100. Ikiwashwa, mwangaza hupungua na programu nyingi zinazofanya kazi kichinichini husimamishwa. Papo hapo kuna mahali pa kuchagua mwendo wa kompyuta: wa kasi, wa kati, au wa kuokoa umeme. Kusoma jedwali la mishahara hakuhitaji kasi. Chagueni wa kuokoa.

Tatu, fupisha muda wa kuzima kioo. Katika mipangilio ya umeme unaweza kuiamuru kompyuta izime kioo baada ya dakika 2 bila kuguswa, na ilale baada ya dakika 5. Mwenyekiti anapotoa hotuba ya ufunguzi, kioo hakina kazi. Na kama katibu anajua kwamba zamu yake bado, afunge kifuniko.

Nne, zima antena. Waifai na Bluetooth hutafuta mawimbi wakati wote, hata mahali pasipokuwa na chochote, na kutafuta huko hula umeme. Bonyeza alama ya ndege, zote zitazimwa mara moja. Jedwali lililohifadhiwa ndani ya kompyuta halihitaji intaneti.

Tano, funga programu zisizotumika. Mara nyingi tunafungua intaneti asubuhi na kuacha kurasa kumi na tano wazi, moja ikiwa na video. Katika mipangilio ya betri kuna orodha inayoonyesha kila programu imekula kiasi gani katika saa 24 zilizopita na katika siku 7. Itazameni. Sisi tulishangaa kuona kwamba programu iliyokula zaidi si ile ya majedwali, bali ni ya kusikilizia muziki. Pia ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja utaona orodha ya zinazofanya kazi sasa hivi. Lakini tahadhari: usizime jina usilolijua, huenda ni nguzo inayoshikilia nyumba.

Sita, chomoa vitu vilivyochomekwa. Kipanya, diski ya nje, taa ndogo, na zaidi ya vyote simu za wajumbe! Tumeona vikao ambavyo kompyuta moja imechomekwa simu tatu, kila moja ikinyonya. Hiyo ni sawa na kupasua mfereji wa jirani pipani. Kompyuta ya tawi si mahali pa kuchajia simu siku ya kazi.

USINGIZI WA AINA MBILI

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kompyuta ina usingizi mwepesi na usingizi mzito. Katika usingizi mwepesi kioo huzima, lakini kumbukumbu inaendelea kushikiliwa kwa umeme. Baadhi ya kompyuta za siku hizi hata huendelea kupokea ujumbe zikiwa zimelala hivyo. Unaifunga jioni ikiwa na asilimia 60, unaifungua asubuhi ina 40, nawe unamshuku mlinzi kwamba ameitumia. Hakuitumia.

Katika usingizi mzito, kompyuta huandika kila kitu kilichokuwa wazi katika diski, kisha huzima kabisa. Ukiiwasha, kazi yako unaikuta pale pale ulipoiachia. Huchukua muda zaidi kidogo kuamka, lakini hailambi betri. Katika mipangilio ya umeme pana sehemu ya kuchagua kompyuta ifanye nini unapofunga kifuniko au unapobonyeza kitufe cha kuwashia. Chagueni usingizi mzito. Kwa katibu anayesafiri kwa baiskeli au kwa bodaboda kutoka shamba hadi shamba, mpango huu peke yake humpatia akiba kubwa.

Kuna na jambo la usalama. Kompyuta hupangwa iingie katika usingizi mzito yenyewe chaji ikibaki kidogo sana, kwa kawaida asilimia 5 hivi. Lakini betri iliyozeeka huweza kuruka kutoka 15 hadi sufuri kama mtu aliyekosa ngazi, na kompyuta huzima kabla haijapata nafasi ya kuhifadhi kitu. Kama betri yenu ni ya zamani, pandisheni kiwango hicho mpaka 15 au 20. Na kila mara mtu anapomaliza mstari mmoja wa jedwali, abonyeze Ctrl na S. Vidole vizoee, kama vidole vya mchumaji vinavyozoea majani mawili na kichipukizi.

MAMBO YANAYOUA BETRI

Adui wa kwanza ni joto. Ofisi nyingi za matawi yetu zimeezekwa mabati, na saa nane za mchana humo ndani ni tanuri. Msiache kompyuta juani, wala ndani ya gari lililofungwa, wala juu ya godoro au kitambaa kinachoziba matundu yake ya hewa. Iwekeni juu ya meza au ubao mkavu. Vumbi la kiwanda likijaa katika matundu, pangaboi la ndani huzunguka kwa nguvu zaidi na kula umeme zaidi. Lisafisheni kwa brashi laini, kompyuta ikiwa imezimwa.

Adui wa pili ni kuacha betri imejaa asilimia 100 siku zote huku imechomekwa ukutani. Haitapasuka, maana ina kidhibiti kinachokata chaji ikijaa, lakini kukaa imejaa hivyo pamoja na joto huizeesha upesi. Kompyuta nyingi zina mpango wa kukomesha chaji kwenye 80. Katika siku za kawaida za ofisini tumieni mpango huo, na siku ya kuamkia kikao ondoeni kizuizi, mjaze mpaka 100.

Adui wa tatu ni imani ya zamani. Wazee wetu waliotumia redio za mawasiliano zenye betri za nikeli walifundishwa kwamba betri lazima iishe kabisa kabla ya kuchajiwa. Kwa betri hizo walikuwa na sababu. Kwa betri za lithiamu ni kinyume chake: kuishiwa mpaka sufuri mara kwa mara kunaiumiza. Ichajini ikiwa 20 au 30, na chaji fupi fupi hazina madhara. Kama kompyuta itawekwa kabatini kwa miezi, iacheni ikiwa nusu, mahali penye baridi, na muitazame kila baada ya muda.

Betri ikivimba, yaani kifuniko kikianza kuinuka au kipanya cha kugusa kikiwa kigumu kubonyeza, acheni kuitumia mara moja. Msiitoboe, msiibonyeze, msiitupe motoni wala shimoni. Betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka moto mkali wenye moshi wa sumu. Mpelekeeni fundi anayejulikana aiondoe. Na mnaponunua nyingine jihadharini na betri za bei rahisi zisizo na jina; linganisheni volti na wati-saa na zile za betri ya zamani, na mfanye ule upimaji tuliousema siku ile ile, kabla stakabadhi haijapotea.

KAMBI ISIYO NA UMEME

Katika viwanda vingi vya sukari mashine huendeshwa kwa umeme unaotokana na makapi ya miwa, tena mwingine huuzwa nje. Miwa hiyo tunaikata sisi. Hata hivyo ziko kambi za wafanyakazi ambazo zinautazama mwanga wa kiwanda kwa mbali tu. Tutaendelea kulidai jambo hilo katika mikataba. Lakini tunapongoja, hatuna budi kujitegemea.

Matawi yenye paneli ya jua yaangalie jambo moja. Watu wengi hutoa umeme wa betri kubwa ya volti 12, huupitisha katika kigeuzi ili uwe wa volti 240, kisha hutumia chaja ya kompyuta kuushusha tena uwe volti 19 au 20. Kupanda na kushuka huko hupoteza umeme njiani. Iko chaja ya gari inayochukua volti 12 moja kwa moja na kuipa kompyuta volti inayotaka. Hiyo hupoteza kidogo zaidi. Hakikisheni tu kwamba volti zake ni zile zilizoandikwa kwenye chaja ya asili, na kwamba wati zake hazipungui. Na chajini wakati wa jua, si usiku, ili betri kubwa ibaki kwa ajili ya taa za watoto wanaosoma.

KOBALTI YA NDUGU ZETU

Ndugu, msiione betri kama kitu kilichoanguka kutoka mbinguni. Ndani ya betri nyingi za laptopu na simu mna madini ya kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka hapa jirani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pande za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Sehemu yake huchimbwa kwa mashine kubwa za makampuni, na sehemu nyingine kwa sururu na mikono mitupu, katika mashimo yasiyo na nguzo. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba hata watoto walikuwa wakifanya kazi huko.

Wachimbaji hao wanazungumza Kiswahili hiki hiki tunachokiandika hapa. Kilo zao nazo hupimwa katika mizani ya mtu mwingine, na bei husemwa na mtu mwingine, kama majani yetu. Kwa hiyo anayeitunza betri ili idumu miaka mitano badala ya miwili haokoi fedha za chama peke yake. Anaheshimu jasho la mfanyakazi mwenzake ambaye hajapata kumwona.

UTARATIBU TULIOUWEKA

Baada ya aibu ile, kamati ya tawi ilikaa na kukubaliana mambo machache, nayo tunawapendekezea:

1. Mtu mmoja, si watu wote, awe na dhamana ya kompyuta. Katika tawi letu ni katibu, na msaidizi wake ni dada mmoja kijana wa idara ya kufungasha, ambaye kwa kweli amempita katibu kwa ujuzi.

2. Siku moja kabla ya kikao kompyuta ijazwe mpaka 100, izimwe kwa usingizi mzito, isichezewe.

3. Kabla ya kuingia kikaoni, mwangaza upunguzwe, alama ya ndege ibonyezwe, hali ya kubana matumizi iwashwe, simu zote zichomolewe.

4. Nakala ya hesabu iwekwe mahali pengine, katika kijiti cha kumbukumbu kinachotunzwa na mweka hazina. Majina na mishahara ya wanachama ni siri yao, kwa hiyo kijiti kisizurure.

5. Jedwali kuu, hata likiwa ukurasa mmoja tu, lichapishwe au linakiliwe kwa mkono. Karatasi haina betri.

Kifungu hicho cha tano kilipendekezwa na mama mmoja mchumaji ambaye hajawahi kushika kompyuta. Alisema: "Sisi vikaratasi vyetu havikuzima." Hapana aliyempinga.

KIKAO CHA PILI

Wiki tatu zilipopita tulirudi mezani. Umeme ulikuwapo, kisha ukakatika saa tano, kama kawaida. Safari hii hapana aliyeshtuka. Kompyuta ile ile yenye nusu ya pipa iliwaka kwa mwanga hafifu, ikafungwa wakati wa hotuba, ikafunguliwa wakati wa hesabu. Ilidumu saa mbili na nusu za mazungumzo, na tulipoinuka ilikuwa na asilimia 22. Jedwali lilisomwa kutoka mwanzo hadi mwisho, mwezi kwa mwezi.

Matokeo yake? Mwajiri alikubali kwamba makato ya gunia yaandikwe kwenye kikaratasi cha kila siku, mbele ya mchumaji, na mwakilishi wa wafanyakazi awe na haki ya kukagua mizani. Juu ya makato ya maji hatukupatana, na shauri hilo linaendelea. Juu ya kilo za nyuma tulilipwa sehemu, si zote.

Hatusemi kwamba betri ndiyo iliyoleta haki hiyo. Ililetwa na wanawake waliotunza vikaratasi miezi mitatu, na katibu aliyetembea kambi kwa kambi. Lakini kazi yao ingeweza kupotea mara ya pili kwa sababu ya kioo kinachowaka bure na simu tatu zilizochomekwa. Siku hizi mwajiri huja mezani na watu waliosoma na mashine zao. Nasi tuje na zetu, tukizijua na kuzitunza.

Ndugu wanachama, pimeni betri ya tawi lenu wiki hii. Andikeni tarakimu katika daftari. Kisha fanyeni yale mambo sita, mpime ni muda gani umeongezeka, na mtuandikie ili matawi mengine nayo yajifunze. Haba na haba hujaza kibaba, na dakika kwa dakika hufikisha kikao mwisho.